Sauti Safi ni ya Nani?

Leo nakuja kujikosoa.

Mmekuwa mkiniskia nikisema hedifoni za besi nzito ni za watu hawajui muziki. Nimesema mara nyingi hadi wasee wengine mtaani wananiita Pasta wa Sauti Safi. Mahubiri yangu yalikuwa rahisi. Kuna hedifoni tambarare, zile haziongezi wala hazipunguzi kitu. Halafu kuna hedifoni za rangi, zile zimetiwa besi ama trebo ndiyo zikufurahishe. Za kwanza zinasema ukweli, za pili zinakudanganya. Chagua.

Wengi mlinitukana. Wachache mlienda mkanunua. Nyote mnanidai maelezo, juu nimegundua nilikuwa nimeshika nusu ya hadithi tu, na hiyo nusu imenigharimu kitu siwezi kununua tena. Nitafika hapo. Lakini lazima tuanze mbali kidogo, juu hii stori ni ya historia kuliko ya vifaa.

Kavu nyumbani, moto kwa nganya

Nilipata hedifoni za studio za mtumba pale Luthuli Avenue, baada ya kubishana bei hadi muuzaji akachoka na mimi. Nikazileta Kariokor, nikafunga mlango, nikaweka ngoma moja ya genge ya mwanzo wa miaka ya 2000, ile kila mtu wa Eastlands anaijua hata kama alizaliwa juzi. Ikatoka kavu. Biti ilikuwa inagonga kama kijiko kwa sufuria tupu. Nikasema, kumbe hawa majamaa walikuwa hawajui kumiksi, tulikuwa tunabebwa tu na wufa.

Siku mbili baadaye niko kwa nganya naenda tao, kiti cha nyuma, wufa iko karibu na miguu yangu. Dere akaweka ngoma ileile. Wueh! Kiti kinatetemeka, kioo kinaimba, na sauti ya rapa imekaa juu ya ile besi wazi kabisa, kila neno unalishika. Mama mmoja mbele yangu amepakata kiondo, na kichwa chake kinafuata biti bila yeye kujua. Hapo ndipo swali likaniingia: kama hedifoni zangu ndizo zinasema ukweli, mbona ukweli nimeupata kwa nganya?

Jina la mtaa wetu

Wacha nianzie hapa nyumbani, na neno Kariokor lenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, Waingereza walipigana na Wajerumani huku kwetu Afrika Mashariki. Barabara hazikuwa, lori hazikutosha, kwa hivyo risasi, chakula na mahema vilibebwa kwa vichwa na mabega ya Waafrika. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Waliochukuliwa walikuwa mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi wao waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi.

Kambi yao Nairobi ilikuwa upande huu wetu, na jina likabaki. Dar es Salaam pia likabaki, ila kule likawa Kariakoo. Sauti moja ya Kiingereza, imepita kwa masikio ya watu wawili tofauti, zimetoka sauti mbili. Sasa niambie, nani amekosea? Hakuna mtu wa hapa atakwambia tunatamka Carrier Corps vibaya. Lile la kwanza lilikuwa jina la jeshi. Hili letu limebeba hao waliokufa, soko, viatu vya ngozi, viondo na nyama choma. Ni sauti yenye rangi, na hiyo rangi ndiyo sisi.

Chemirocha

Kuna mfano mwingine ambao ulinimaliza kabisa. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey, mtu aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki, alifika Kapkatet, upande wa Kericho. Akarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha. Ukiuliza Chemirocha ni nani, jibu ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri kutoka Marekani aliyefariki 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku, watu wakaziskia kwa gramafoni, na jina likapita kwa sikio la Kikipsigis likatoka Chemirocha. Tracey aliandika kwamba kwa hao wasichana, Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu nusu swara.

Fikiria ile gramafoni. Hakuna umeme, unazungusha mkono, sauti inatoka kwa honi. Honi kama hiyo haiwezi kutoa besi ya chini, kwa hivyo kilichotoka pale kilikuwa sauti ya katikati tu: koo la mtu na nyuzi za gitaa. Yaani Jimmie Rodgers alifika Kapkatet akiwa tayari ametiwa rangi na mashine. Watu wakamskia, wakamgeuza tena. Na kilichotoka hakikuwa nakala mbovu ya kantri, kilikuwa wimbo mpya ambao watu wanaupenda hadi leo. Zaidi ya miaka 60 baadaye, rekodi hizo zilirudishwa Kapkatet kwa jamii yenyewe.

Na Tracey mwenyewe, ambaye alitaka kuhifadhi muziki vile ulivyo, bado alikuwa anachagua. Maiki iwe karibu na nani? Nani asimame nyuma? Wimbo ukatwe wapi ndiyo utoshee? Kila jibu ni rangi kidogo. Hakuna maiki inayosimama mahali popote bila mtu kuiweka.

Santuri nayo ilikuwa inacheza mchezo

Ukiskia wazee wakisifu santuri kwamba ndiyo sauti halisi, waambie hivi. Besi nzito ikichorwa kwa santuri vile ilivyo, mtaro wake unakuwa mpana sana, unakula nafasi na sindano inaruka. Kwa hivyo wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa na trebo huongezwa. Kisha amplifaya ya nyumbani inafanya kinyume: inarudisha besi na kushusha trebo. Mwaka wa 1954 kampuni za Marekani zilikubaliana kipimo kimoja cha kufanya hivyo, kinaitwa RIAA. Maana yake, kile kilicho kwa mtaro wa santuri kamwe si sauti ya muziki. Ni sauti iliyogeuzwa makusudi, ikitegemea mashine ya upande wa pili iirudishe.

Sasa leta hiyo hadi River Road miaka ya 70. Polygram na CBS ziko Nairobi, benga inauza, santuri ndogo za nyimbo moja kila upande zinatoka kila saa. Zinaenda kuchezwa wapi? Kwa baa, kwa duka, kwa redio ya nyumbani yenye spika moja. Skiza gitaa la D.O. Misiani na Shirati Jazz: liko juu, kali, linakata kelele za chupa na watu kama kisu. Mimi nilikuwa nikiiskia kwa hedifoni zangu nasema trebo imezidi. Lakini hiyo ngoma ilizaliwa kwa dunia ya spika ndogo na watu wengi.

Hata sikio si tambarare

Mwaka wa 1933, Fletcher na Munson wa maabara za Bell huko Marekani walipima vile watu wanaskia, wakagundua kitu: sauti ikiwa chini, sikio linapoteza besi haraka kuliko sauti za katikati. Ndiyo maana ngoma ukiiskiza polepole usiku inaskika nyembamba, na ukiongeza inanona. Ile redio ya kaseti ya nyumbani yenye kitufe cha kuongeza besi ilikuwa inajaribu kurekebisha hiyo shida. Sony walikuja na Mega Bass miaka ya 1980 na ikawa kama dini.

Hedifoni nazo hazikuanza kwa ajili ya muziki. Mwaka wa 1910, Nathaniel Baldwin wa Utah alitengeneza zake akiwa jikoni kwake, wateja wakawa jeshi la wanamaji la Marekani. Kazi ilikuwa kushika ujumbe wa redio. 1958 John Koss akaleta za stirio za kuskiza muziki. 1979 Walkman ikazitoa nje ya nyumba.

Sasa kuna shida ambayo ilichukua watu miaka mingi. Spika ikiwa mbele yako, sauti inazunguka chumba, inagonga kichwa na mabega, inapita kwa mikunjo ya sikio lako. Njiani hapo, sikio lenyewe linaongeza nguvu kwa sauti za karibu Hz 3,000. Ubongo wako umezoea hiyo. Hedifoni zinapita karibu yote hiyo na kukumwagia sauti moja kwa moja. Kwa hivyo hedifoni ikipimwa kwa mashine ikatoa mstari ulionyooka kabisa, kwako itaskika vibaya. Ili iskike tambarare, lazima mtengenezaji aikunje makusudi.

Aikunje kiasi gani? Hapo ndipo kuna mambo. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 2010, watafiti wa kampuni ya Harman, Sean Olive na Todd Welti, walikaa na wasikilizaji, wakawaficha jina la hedifoni na bei, wakawauliza wanapenda gani. Wengi walipenda sauti inayofanana na ya spika nzuri ndani ya chumba kizuri, tena besi ikiwa imeinuliwa kidogo. Mkunjo huo sasa ndio wengi huutumia wakisema hedifoni fulani ni tambarare.

Umeshika hiyo? Kile mimi nilikuwa nakihubiri kama ukweli ni wastani wa kile watu wanapenda. Na si watu wote. Walipoangalia zaidi wakakuta kundi linalotaka besi zaidi, ambapo vijana wa kiume ni wengi, na kundi linalotaka besi kidogo. Walipotaka kujua kama utamaduni unabadilisha masikio, walipima watu wa Marekani, Kanada, Ujerumani na Uchina, wakakuta hawatofautiani sana. Ni kazi safi, siwezi kuidharau. Lakini kwa hiyo orodha hakuna mtu aliyelelewa na nganya za Eastlands.

Chuo kikuu cha wufa

Calif Records, nyumba ya genge, ilianza California, mtaa ambao ukitoka Kariokor unapita Pumwani umefika. Jua Cali alitoa jina lake hapo. Na kwa miaka mingi wasanii wa Nairobi wamekuwa wakipeleka ngoma mpya kwa madere na makanga kabla ya redio, juu ngoma ikishika kwa mat imeshika jiji.

Sasa fikiria mat kama chumba cha kuskilizia. Injini na magurudumu yananguruma chini, na mngurumo huo uko palepale besi inakaa. Mngurumo unameza besi. Kwa hivyo usipoiongeza, abiria haiskii kabisa. Ile wufa kubwa unayolaumu haiku tu kwa fujo, inapigania nafasi yake na injini. Ni kweli imezidi mara nyingi, na sheria ya kelele ya 2009 iko kwa sababu nzuri. Lakini ukitengeneza ngoma ukijua itaenda kuishi humo ndani, utaimiksi ukiwa na hiyo wufa kichwani. Ukiitoa humo na kuiweka kwa hedifoni tambarare, ni kama kumtoa samaki kwa maji halafu uandike ripoti kwamba hajui kutembea.

Na usidhani ni Eastlands tu. Yamaha walitoa spika ya NS-10 mwaka wa 1978, ya kuwekwa sebuleni. Sebuleni haikupendwa, besi yake ni hafifu na sauti ya katikati inapiga kelele. Lakini studio kubwa za dunia zikaichukua, kwa imani moja: ngoma ikiskika poa hapa, itaskika poa popote. Watu wa sauti safi walijenga kazi zao juu ya spika yenye rangi, wakijua ina rangi.

Halafu Dr. Dre na Jimmy Iovine wakaanzisha Beats mwaka wa 2006, hedifoni za kwanza zikatoka 2008, besi mbele. Wataalamu wakacheka. Mwaka wa 2014 Apple ikanunua kampuni kwa dola bilioni 3. Mimi pia nilicheka, miaka mingi baadaye, nikidhani nacheka juu ya sauti. Nikijichunguza, nilikuwa nacheka watu. Kusema "mimi naskiza tambarare" ilikuwa njia yangu ya kusema mimi si kama nyinyi.

Kwa hivyo tambarare ni bure?

Hapana, na msinishike vibaya. Video zangu za kwanza nilizihariri na hedifoni za besi. Nilikuwa naskia sauti yangu ni nzito, nakata chini, nakata tena. Kwenye simu za watu nikatoka kama mtu anaongea akiwa ndani ya tangi. Hedifoni tambarare zilinionyesha kosa siku moja.

Hiyo ndiyo kazi yake. Ni kama mizani ya sokoni: lazima ianze sufuri, la sivyo unaibiwa. Ukitengeneza sauti, ukihariri, ukitaka kujua ni nini kiko mle ndani, tumia mizani. Lakini hakuna mtu hupika mizani. Ukifika nyumbani unaweka chumvi yako.

Chumvi pia ina kipimo. Besi ikifunika sauti ya mwimbaji, utaongeza volyumu ndiyo umskie, na masikio hayana spea. Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni moja wako hatarini kupoteza uwezo wa kuskia kwa sababu ya kuskiliza kwa sauti ya juu. Kama lazima uongeze ndiyo ushike maneno, hiyo rangi si yako tena, inakula wewe.

Kanda ya babu

Sasa deni langu.

Babu yangu, baba ya mama, alikuwa fundi wa viatu vya ngozi hapa soko la Kariokor. Mama akiwa shule ya bweni, babu alimrekodia kanda akiwa kibandani. Anamsalimia, anampa habari za nyumbani, anamwambia asome, halafu anaimba kidogo. Hakuna rekodi nyingine ya sauti yake.

Nikaamua kuiingiza kwa kompyuta. Nikavaa hedifoni zangu za ukweli, na kweli zilifanya kazi yake, juu niliskia kitu sikuwa nimewahi kuskia kwa redio ya nyumbani: nyundo. Nyuma ya babu, mafundi wengine wanagonga ngozi, kila mmoja na mwendo wake. Kuna mtu anacheka. Kuna mtu anauliza bei. Mimi nikaita hiyo uchafu. Nikakaa usiku mzima naondoa nyundo moja moja, hadi ikabaki sauti ya babu tupu, safi kama ya mtangazaji. Nikaihifadhi juu ya ile ya kwanza. Nilipojaribu kucheza kanda tena, mashine ikaitafuna.

Mama akaskiza kwa simu yake, na zile waya za masikio za bei ya chini anazotumia kazini. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Na nyundo ziko wapi?"

Nikamweleza habari ya sauti safi. Akanisikiliza hadi mwisho, juu yeye huniskiliza hata nikiongea upuzi. Kisha akasema, "Hapa ni kama anaongea akiwa peke yake. Baba hakuwahi kuwa peke yake pale."

Hedifoni hazikufanya kosa. Zilinipa kila kitu, hadi nyundo. Ni mimi niliamua ni nini muziki na ni nini kelele, na niliamua haraka juu nilikuwa nimeambiwa kuna sauti moja iliyo sahihi, na hiyo haina soko nyuma yake.

Kwa hivyo sitawaambia tena mnunue gani. Nunueni mnachopenda na mnachoweza. Nitawaomba mawili tu. Kabla useme ngoma ya zamani imemiksiwa vibaya, jiulize ilitengenezwa iskike wapi, halafu uende uiskize hapo. Na ukipata kanda ya mtu wako, ile nakala ya kwanza iweke kando na usiiguse kamwe. Safisha nakala ya pili.

Asubuhi mimi hupita sokoni nikienda stage. Nyundo bado zinagonga. Sai sivai hedifoni hadi nipite.